Aliyetunyima Mwisho wa Hadithi

Sijui alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani, na sijawahi kuuliza. Ninayemjua mimi ni mwalimu wetu wa darasa la tatu, katika shule ya mabati iliyokuwa mtaa wa Lindi, Kibera, Nairobi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miguu imara, na watoto wote walimwita Madam. Nimemchukia kwa zaidi ya miaka ishirini. Chuki yangu nimeifuga kama kuku: asubuhi naipa chakula, jioni naifungia isiibwe. Na kabla sijasema ubaya wake, sina budi kusema lile linaloniuma zaidi. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma.

Alifundisha bila ubao. Ukuta wetu ulikuwa mabati, na Madam aliandika herufi juu ya mabati hayo kwa chaki, akifuata mikunjo yake, hata leo nikiandika herufi "m" mkono wangu hupanda na kushuka kama ule ukuta. Mvua ikinyesha, paa lilipiga kelele mpaka hatukusikia neno. Walimu wengine waliketi wakangoja iishe. Madam hakungoja. Alisimama mbele yetu akaumba silabi kwa midomo bila sauti, polepole, nasi tukaumba naye, darasa zima likifungua na kufumba vinywa kama samaki. Nilisoma neno langu la kwanza siku moja ya mvua. Lilikuwa "maji".

Alikuwa na sauti mbili. Moja ilikuwa ya kugomba, nyembamba, iliyopenya hadi kwenye vibanda vya jirani, na wauza mboga walikuwa wakijua majina yetu kwa sababu yake. Ya pili ilitoka Ijumaa tu, saa ya mwisho. Hapo alifungua mkoba wake, akatoa kitabu cha hadithi, akakishika karibu na kifua ili tusione picha, na akaanza kusoma. Akiwa fisi, tulimwona fisi. Akiwa bibi kizee, tulitamani kumshika mkono tumvushe mtaro. Sijasikia mtu anayesoma vile tena, na nimewasikia wengi.

Lakini mtu mmoja akikohoa, au dawati likilia, Madam alifunga kitabu. Pap.

"Mmejikosesha mwisho," alisema, akakirudisha mkobani.

Hakurudi nyuma. Ijumaa iliyofuata alileta hadithi nyingine. Tulimaliza mwaka mzima tukiwa na rundo la hadithi zilizokatwa miguu, na tukitoka shuleni tulitembea kandokando ya reli tukigombana jinsi zilivyoisha. Mimi nilibishana kuliko wote. Nilikuwa nalala nikiwaza. Wengine walikosa sukari ya chai. Mimi nilikosa mwisho.

Na vitabu vilikuwepo. Hilo ndilo sitaki mtu alisahau. Katika pembe ya darasa letu palikuwa na kabati la chuma, na ndani yake vitabu vya watoto vilivyoletwa na wafadhili, vipya, vyenye harufu ya rangi. Ufunguo ulining'inia kwenye uzi ndani ya blauzi yake. Kabati lilifunguliwa siku za wageni tu. Siku hizo tulinawishwa mikono kwa sabuni mara mbili, tukakaguliwa kucha, halafu kila mmoja akapewa kitabu na kuambiwa, "Fungua katikati. Angalia chini. Tabasamu kidogo, usizidishe." Wageni walipiga picha. Wageni wakaondoka. Vitabu vikakusanywa kabla hujafika mwisho wa mstari wa pili.

"Nyinyi mna mikono ya mandazi," alituambia. "Mkiachiwa hivi vitabu, kesho vitafungia karanga."

Alikuwa na misemo mingi, na yote ilikuwa na ncha. Mtoto akiongea Sheng darasani alimwambia, "Lugha ya mtaa iache mtaani, pamoja na takataka zake." Mtoto aliyechelewa aliambiwa, "Jua limekushinda, na halina hata miguu." Ule aliourudia kuliko yote ulikuwa huu: "Usipojua kusoma utasomewa, na anayekusomea atakusomea anachotaka." Nilidhani anatutahadharisha kuhusu watu wengine.

Nitasema pia mema yake, maana chuki isiyosema kweli ni umbea tu. Mtaro wa nyuma ya shule ulipofurika, Madam alivua viatu na kuwavusha watoto wadogo mgongoni, mmoja mmoja, maji yakimfika magotini. Siku msichana wa darasa letu aliposhikwa na kifafa, alimbeba mbio hadi kliniki, akakaa naye mpaka mamake akarudi kutoka kazini, na kesho yake akatuonya kwamba atakayemcheka atamjua yeye ni nani. Hakuna aliyecheka. Alijua vizuri sana kicheko kinaweza kufanya nini. Ndiyo maana sijawahi kukubali kwamba lile alilomfanyia mamangu alilifanya bila kujua.

Ilianza Ijumaa moja. Alikuwa anasoma hadithi ya msichana ambaye kivuli chake kiliibiwa na fisi. Msichana alikuwa amefika mlangoni kwa fisi, amesikia kivuli chake kikilia ndani, ameinua mkono abishe. Mtu akapiga chafya. Kitabu kikafungwa.

Wiki iliyofuata wageni walikuja, na katika kugawa vitabu, kile kile kikaangukia dawati letu. Sikuwaza. Picha zilipoisha kupigwa nilikisukuma chini ya sweta, nikaubana mkono tumboni kama mtu mwenye njaa, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Nilifika langoni. Hatua mbili zaidi na ningekuwa kwenye reli. Madam alinishika ukosi, sweta ikapanda, kitabu kikaanguka kwenye tope mbele ya wageni wote.

Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga.

Jumatatu mamangu aliitwa. Tulikuwa tunaishi Kambi Muru, humo humo Kibera, na mama alikuwa mama fua: alivuka kila asubuhi kwenda kwenye magorofa kufulia watu nguo. Ili aje shuleni aliiacha kazi ya siku hiyo. Alikuja na leso yake safi ya kanisani, vidole vimekunjamana na kuwa vyeupe kwa sabuni. Shule yote ilikuwa imepangwa paredi uwanjani. Mimi nilikuwa nimesimama mbele, kadibodi shingoni, imeandikwa MWIZI kwa ule mwandiko mzuri wa Madam.

Madam alimpa mama karatasi iliyoandikwa kosa langu, aitie sahihi.

"Soma, mama. Soma kwa sauti, watoto wasikie."

Mama aliishika ile karatasi. Aliiangalia muda mrefu.

"Mwalimu, macho yananisumbua," alisema.

"Ni macho ama ni shule?" Madam akauliza, kwa ile sauti yake nyembamba. "Sema tu. Tujue mtoto ameiga nini nyumbani."

Shule ikacheka. Kicheko kilianzia kwa wakubwa wa nyuma kikaja mbele kama maji ya mtaro. Na mimi, ambaye nilikuwa na miaka tisa, na ambaye niliogopa kuwa peke yangu, nilicheka pia.

Mama alinisikia. Alinitazama mara moja tu. Kisha akaweka kidole gumba pale alipoonyeshwa, akanitoa ile kadibodi shingoni, akaikunja, akanishika mkono. Tulitembea hadi mlangoni kwetu.

"Usilie," aliniambia. "Lakini usisahau."

Sikusahau. Nilihamishiwa shule nyingine, na mama hakukanyaga shule yoyote tena. Hakuja nilipomaliza darasa la nane. Hakuja nilipohitimu ualimu. Alinipikia kuku na kunisubiri nyumbani. Nimemwomba mara nyingi nimfundishe kusoma, hata jina lake tu. Hunijibu vile vile kila mara: "Shule ilishanisoma mimi. Yatosha."

Leo ninafundisha gredi ya tatu huko Kawangware, katika shule ya mabati isiyo tofauti sana na ile. Watu husema nimependa kazi yangu, na wazazi wameniombea baraka. Wangejua. Darasa langu nililijenga kama mtu anayejenga kesi. Sina kabati. Vitabu vyangu nimevianika kwenye kamba ya nguo kutoka ukuta hadi ukuta, kwa vibanio, mahali mkono wa mtoto mfupi kuliko wote unafika. Ni vitabu vya mitumba, vya kuombaomba, vingine vimekosa jalada. Watoto wanavisoma na mandazi mkononi. Kila alama ya mafuta kwenye ukurasa naihesabu kuwa kofi kwenye shavu la Madam. Kikiraruka, tunakigundisha kwa uji na kukirudisha kambani.

Ijumaa wanaenda navyo nyumbani. Vingine havirudi. "Kimepotea, tichaa," mtoto ananiambia, akiangalia viatu vyake, na mimi namwambia achukue kingine, nikisikia raha ambayo si njema wala takatifu. Na nikisoma hadithi darasani, wakikohoa nangoja, wakigombana nangoja, kengele ikilia namaliza. Hakuna mtoto aliyewahi kutoka kwangu bila mwisho.

Vitabu vilipopungua tulianza kuandika vyetu, nyuma ya kalenda za zamani, kwa maneno yao wenyewe, kwa Sheng. Kinachopendwa kuliko vyote kinaanza hivi: "Kuku alihepa juu aliskia Krisi imefika." Yaani alitoroka kwa sababu alisikia Krismasi imefika. Sikusahihisha hata neno. Nilikishona kwa uzi na kukitundika katikati.

Halafu kuna siku ya wazazi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mzazi au mlezi yeyote anaweza kuja kuwasomea watoto. Sheria ni moja, na niliiweka mimi: halazimishwi mtu. Asiyejua kusoma anafungua picha na kusimulia anavyotaka. Anayetaka kukaa tu, anakaa. Niliiweka sheria hiyo kwa ajili ya mama mmoja ambaye hatakuja.

Mwaka jana alijiunga nasi msichana anayeitwa Shantel. Alikuwa amehamia kwa mjomba wake, ambaye ana ploti ya nyumba za kupanga hapo Kawangware, na alikuwa anasoma vitabu kama mtu anayekimbizwa. Alikuwa anachukua viwili Ijumaa na kuvirudisha Jumatatu vyote vimesomwa.

"Nani alikufundisha kusoma hivi?" nilimuuliza.

"Shosho yangu. Alikuwa mwalimu kitambo. Shule ilikuwa Lindi, Kibera. Walikuwa wanamwita Madam."

Basi bibi yake alikuwa Madam wangu. "Mwambie aje siku ya wazazi," nilisema. "Mwambie tungependa sana kumsikia."

Alikuja. Nywele zimekuwa nyeupe, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu, miguu bado imara. Alinisalimia kwa heshima, "Hujambo, mwalimu," na sikuona chochote usoni pake. Wazazi walikuwa wamejaa, wengine wamesimama mlangoni. Shantel aliketi mbele kabisa, amesukwa nywele upya, akiwaambia wenzake, "Huyo ndio shosho. Mtaona."

Kambani palikuwa na vitabu vingi ambavyo angevisoma mpaka mabati yalie. Mimi ndiye niliyemchagulia. Nilikwenda moja kwa moja katikati, nikabandua cha kuku, nikamwekea mkononi.

"Soma, mama," nilisema. "Soma kwa sauti, watoto wasikie."

Alifungua. "Kuku alihepa juu," alisoma, akasimama. "Juu... juu ya nini?" Watoto wakaguna. Aliendelea. "Akaambia maboyz wa base, niaje wa... wase... wasee." Alirudi nyuma, akajaribu kuinyoosha salamu hiyo ya vijana, akaweka mkazo pasipo pake. Hakuwa na tabu na macho. Ni ulimi uliokuwa umekataa. Kila neno alilitazama kama kitu alichokuta kwenye uji. Alipofika "nduthi", yaani pikipiki, alisimama kabisa, midomo ikifunguka na kufumba bila sauti.

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Huyu hajui kusoma!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Wazazi wakacheka, kwa mikono midomoni. Na mimi nilicheka. Ilikuwa tamu, sitadanganya. Ilishuka mwilini kama chai ya kwanza ya asubuhi ya baridi. Nilimtazama Madam usoni ili nisikose hata kidogo.

Kwa hiyo nilichelewa kumtazama Shantel. Nilipomwona, alikuwa ameinamisha kichwa, amejiziba masikio kwa viganja, na mdomo wake ulikuwa unatetemeka ukijaribu kucheka pamoja na wengine.

Madam alifunga kitabu taratibu. Alikirudisha kambani mwenyewe, akabana kibanio, akamshika mjukuu wake mkono, wakatoka. Nilipaswa kuwanyamazisha watoto. Niliwaacha wacheke mpaka wachoke.

Wiki iliyofuata Shantel hakuchukua kitabu. Wala iliyofuata.

"Chagua kimoja basi," nilimwambia wiki ya tatu.

"Mimi sitaki vitabu zenu," alisema bila kuniangalia. Wakati wa kusoma aliweka kichwa juu ya dawati akalala, au akajifanya.

Nilijaribu kujiambia kwamba watoto hupitia mambo. Mimi, wa kujiambia hivyo! Jumamosi nilijaza mfuko vitabu, nikauliza njia, nikaenda hadi kwenye ile ploti.

Madam alikuwa ameketi nje ya mlango akichambua maharagwe kwenye sinia. Hakusimama.

"Umekuja kuomba msamaha ama umekuja kuongeza?" aliuliza.

"Nimemletea Shantel vitabu."

"Hilo sijakuuliza." Alisukuma stuli kwa mguu. "Keti. Ulifikiri sikukujua? Nilikujua siku nilipoingia. Mtu niliyemfundisha kusoma simsahau. Wewe ni wa Kambi Muru."

"Ulinijua, na bado ulisoma?"

"Nilijua unanidai. Nikasema wacha anilipishe tuishe." Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Sikujua utanilipisha mbele ya mtoto."

"Mimi ulinifanyia mbele ya mamangu. Na mamangu ulimfanyia mbele yangu."

"Ndiyo," alisema.

Nilikuwa nimengoja abishe. Nilikuwa na maneno ya miaka ishirini yaliyopangwa tayari, na neno lile moja fupi liliyaacha yamesimama tu.

"Vile vitabu," nikasema, "kwa nini hukutupatia?"

"Mngevirarua."

"Ndiyo. Vingeraruka. Halafu?"

Nilimwona akilitafuta jibu kwa uaminifu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, na halikuwepo. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, "Mamako bado yuko?"

"Yuko. Alirudi kijijini kwetu, kule ziwani. Hajui kusoma hadi leo. Hataki kusikia."

Mikono yake ilitulia kwenye sinia. "Nikienda kumwona?"

"Atakukaribisha, atakupa chai, kwa sababu yeye ana adabu. Lakini hatakusamehe. Na mimi pia sijakusamehe, Madam. Nataka ujue. Sikuja kwa hilo."

"Nimesikia," alisema. "Na wewe, mtoto wangu hujamwomba radhi."

Nilimwita Shantel. Alitoka ndani, akasimama mlangoni na uso wa mbao. Nilimwambia kwamba siku ile nilimpa shosho yake kile kitabu makusudi, ili achekwe, na kwamba lilikuwa jambo baya, na kwamba shosho yake anasoma kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Nilisema yote hayo mbele ya Madam.

"Makusudi?" Shantel aliuliza.

"Makusudi."

"Na wewe ni tichaa."

"Ndiyo."

Alifikiri. Hakunisamehe, sikuona dalili yoyote ya hilo. Aliuvuta mfuko kwake, akapekua, akachagua kimoja chembamba chenye jalada la kijani, akaenda kuketi kwenye kizingiti, ametupa mgongo sisi sote wawili. Akaanza kusoma kwa sauti, kwa hasira mwanzoni, halafu bila hasira. Alisoma haraka, akirukaruka nukta, akimeza mwisho wa maneno. Neno moja gumu alilikosea vibaya.

Madam aliinua kidole. Nikaona shingo yake ikinyooka, nikaona midomo ikijipanga, nikajua sauti ipi ilikuwa inakuja.

"Mwache asome," nilimwambia.

Kidole kilibaki hewani kidogo. Kisha alikishusha, akakirudisha ndani ya maharagwe. Shantel aliendelea na makosa yake hadi ukurasa wa mwisho, nasi tukamsikiliza.